Lita za Mkeo

3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Mkeo naye hajambo, tena hajambo sana. Jana kalipima tangi letu la maji kwa futi ya fundi, upana na kimo, kaandika andika, katangaza: lita elfu moja na mia moja. Majirani wakapiga makofi!

Miaka yote maji yakikatika waliniuliza mimi. Nagonga tangi kwa ngumi, nasikiliza, nawaambia yamebaki ya siku ngapi. Leo wananipita mlangoni kama nguzo: "Shikamoo mama, mkweo yupo?"

Hivi hiyo hesabu inafanywaje? Nieleze. Yeye usimwambie.

Mama yako

12 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Nimecheka mpaka wenzangu wa zamu wakageuka.

Pima upana wa tangi kwa sentimita, ugawe nusu. Hiyo nusu izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa ishirini na mbili, gawa kwa saba. Kisha zidisha kwa kimo. Mwisho gawa kwa elfu moja, umepata lita.

Lakini si umuulize tu? Anakupenda.

Mwanao

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mke wangu naye ananiandikia "mama hajambo", basi. Kuna nini huko?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, uso ndio sina.

Maji yalikatika. Mkeo akiwa kazini nikapima mwenyewe, nikapata lita elfu nne na mia nne. Nikasema, kumbe huyu binti hajui kitu! Nikawaita majirani: "Chukueni, yapo tele!" Ndoo zikapangwa mpaka barabarani. Saa kumi bomba la tangi likakohoa, likakauka. Jirani mwenye kichanga, aliyekuwa wa mwisho, akaondoka na ndoo tupu. Nilisahau kuugawa nusu ule upana.

Wakaja juu: "Hizo lita elfu nne ziko wapi?" Kabla sijafungua mdomo, mkeo aliyekuwa ndio kwanza anaingia akasema, "Mnisamehe, mimi ndiye niliyempa mama hesabu mbovu." Wakamgeukia yeye, wakamsema mpaka wakachoka.

Jikoni nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Wewe wamezoea kukuamini, mama. Mimi hata wakinisema leo, watanizoea tu."

Nilimshukuru. Lakini sikufichi mwanangu, roho bado inaniuma. Sasa hata aibu yangu kaivaa yeye, na imempendeza.

Mama yako