Fundo la Ngoy kwenye Kamba Yako

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Tangu ulipotutoka mvua imenyesha mara mbili tu, zote za kulaza vumbi, na binti yako Veronika amekwisha kupanda viazi katika shamba lako la Naviundu kwa namna ile ile uliyomkataza: matuta yanafuata mteremko. Ningekuwa na sauti yako ningempigia kelele. Mimi ninayo kalamu, basi ninakuandikia.

Najua ungecheka. Siku nilipomaliza darasa la tano nilikuja mbio kukuambia kwamba tangu sasa habari zako zote nitakuandikia kwenye karatasi. Hukuacha hata kuchekecha unga.

"Karatasi haina macho," ulisema. "Itajua namna gani kama muntu anaanza kulia, ipate kumungojea kidogo?"

Wewe ulijua kungojea. Kila kiangazi, ruhusa ya kusafiri ilipopatikana, ulipanda gari la moshi kwenda Bukama na vijiji vya mtoni, na wanawake wa kambi ya reli walikuja mlangoni kukupa maneno ya kuwapelekea watu wao. Huyu amejifungua mapacha. Yule anaomba mbegu za karanga. Mwingine anataka tu mama yake ajue kwamba meno hayamuumi tena. Kwa kila neno ulifunga fundo moja kwenye kamba yako nyembamba ya magome: fundo dogo kwa habari ya kawaida, fundo la kuzungusha mara mbili kwa kifo. Na kule, mbele ya mwenye kupelekewa habari, ulilifungua akiona. Desturi yako ilikuwa hiyo, fundo likifunguliwa, neno limefika. Uliporudi stesheni hakuna aliyekuuliza safari ilikuwaje. Walitazama kamba. Ikiwa imenyooka walichukua mizigo yako, wakakusindikiza wakiimba.

Mara moja tu ulikosea. Nakumbuka ulivyotusimulia, umekaa juu ya gunia la mihogo mikavu uliyoleta, machozi ya kicheko yanakutoka. Kulikuwa na neno la kumwambia mlevi mmoja aache pombe kabla haijamwua, na neno la kumwomba katekista wa kijiji chupa ya mawese. Ukachanganya mafundo. Yule mlevi akapewa habari ya mawese, akaenda kuyatafuta kweli. Na katekista, uliposimama mbele yake ukamwambia watoto wake wa mjini wanamwomba aache pombe, akakaa chini, akafunika uso, akauliza: "Nani alibaambia?"

"Na weye ulifanya nini?" tulikuuliza.

"Nilifungua fundo," ulisema. "Neno lilikuwa limefika."

Sasa ninafika mahali ambapo mimi na wewe tulikuwa tunapazunguka miaka yote, kama njia inavyozunguka kichuguu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimepata kipaimara, na katika masomo ya dini hakuna aliyenishinda. Nani anaweza kubatiza? Siku za kawaida, padri. Kwenye hatari ya kufa, mtu yeyote, kwa maji na maneno yake. Nilijibu hivyo mbele ya padri mwenyewe, mompe yule mwenye ndevu, akanipa picha ya malaika.

Ngoy, mtoto wako, alikuwa na umri wa siku sita. Ubatizo wake ulipangwa Jumapili. Ijumaa mchana akaanza kukosa pumzi, nawe ukaniita: "Kimbia!"

Nikakimbia. Nilipita mtungi wa maji pale mlangoni. Niliwapita majirani waliokuja kukushika mikono, wote Wakristo. Nikaenda mbio mpaka mashamba ya Naviundu kumtafuta katekista wetu, Baba Mdogo Petelo, ndugu ya baba yetu, kwa sababu tulilelewa kujua kwamba mambo ya Mungu yana wenyewe, na chombo cha mwenyewe hakiguswi. Wazo la kuinama na kuchota maji kwa mkono wangu halikunijia hata kidogo. Lilinijia wakati wa kurudi, pale darajani.

Tulipofika ulikuwa umekaa chini, umemfunika uso. Baba Mdogo alitutazama, akatazama mtungi.

"Bakristu banane mu nyumba moja," alisema, "na mutungi umejaa."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia. Lakini alikuwa katekista, na ulipomwuliza alikujibu kama kitabu chake kilivyosema: Ngoy hatateswa, atakaa mahali pa utulivu, lakini paradizo hataiona. Ukauliza:

"Na mimi nikifika kule, sitamuona?"

"Hapana, mwanangu." Kisha akaongeza haraka: "Lakini kule hautasikia huzuni."

"Basi nitakuwa nimemusahau," ulisema.

Ngoy tukamzika nje ya ukingo wa makaburi ya Wakristo, karibu na kichuguu kikubwa.

Wewe uliendelea kusali. Mimi nikaacha pole pole, kama mtu anayeacha tumbako. Kwanza misa ya asubuhi, halafu maungamo, mwishoni na sala ya chakula. Nilisoma tena maneno ya paradizo, nikaona furaha nyingi, nyimbo nyingi, na mlango ambao kikombe kimoja cha maji kinatosha kuufunga. Nilimwuliza Baba Mdogo ni nyumba gani hiyo, mama anaingia na mwanawe anaachwa nje, na mama anapewa usahaulifu ili asitazame nyuma. Nilimwuliza mbele ya watu, kwa sauti kubwa. Leo ninaona kwamba sehemu ya ukali ule haikuwa yake wala ya kitabu. Ilikuwa ya miguu yangu iliyokimbia.

Hawakunifukuza. Nalikumbuka hilo kwa shukrani. Kila Noeli Baba Mdogo alikata kuku, akachagua paja, akaliweka juu ya bukari yangu ya unga wa mahindi.

"Kula mingi, mutoto wangu. Kule tunaenda sisi, weye hautapata hata mufupa."

"Basi ongeza na shingo," nilimjibu, na nyumba nzima ikacheka. Nawe ulicheka, ukaniongezea sombe ya majani ya mihogo.

Hukuniuliza kamwe kwa nini niliacha. Kila Jumapili ulipiga koti langu brashi, ukalitundika kwenye msumari wa mlango, ukaenda misa na wenzako. Uliporudi ulilikuta pale pale, ukalikunja. Siku moja nilikuambia usijisumbue. "Koti haina zambi," ulinijibu, ukaendelea.

Mwezi ule kifua kilipokushinda, wewe mwenyewe ukajua huponi, na kambi ikajua. Jirani yako Mama Stefania ndiye aliyefungua njia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akakushika kidole.

"Mama Malia, weye haujaenda safari mikono mitupu. Umwambie marehemu bwana yangu ile baiskeli yake niliuzisha. Asinikasirikie, matairi yalikuwa yameoza."

Ulicheka mpaka ukakohoa, halafu ukaomba kamba yako. Siku tatu walikuja mmoja mmoja. Salamu kwa mama, salamu kwa mume, neno kwa mtoto aliyekufa kwa surua akiwa amebatizwa. Baba Mdogo naye alituma lake kwa mke wake, akanong'ona, hatukulisikia. Kwa vile vidole vilivyovimba ulifunga kila fundo, ukalirudia kwa sauti ili mwenyewe asikie kwamba umeshika.

Mimi nilipasua kuni. Nilipasua kuni za mwezi mzima.

Siku ya tatu Veronika alinifuata nyuma ya jikoni. "Mama anangojea weye, mjomba. Sema tu 'tutaonana mu paradizo', basi. Hata shati haitachafuka."

Baba Mdogo alikuwa nyuma yake. "Uwongo kidogo kwa mugonjwa," alisema. "Mimi nitaibeba ku maungamo."

"Utaungama zambi yangu, Baba Mudogo?"

"Nimeungamaka zako mingi. Mompe anakujua vizuri."

Nilicheka, nikaliweka shoka chini. Nikisema ndiyo, utajua ninadanganya, maana tangu utoto wangu ulijua kwa kutazama masikio yangu. Utaondoka ukiwa na uwongo wangu mkononi, na utakuwa ndio neno langu la mwisho kwako. Nikisema hapana, nitakuwa nimekufungia mlango pua kwa pua, wewe uliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Niliingia bila kujua nitasema nini.

Ulikuwa umeegemea ukuta, kamba imelala magotini.

"Na weye?" uliniuliza. "Tutaonana?"

"Yaya, sijui."

Uliyatazama masikio yangu. "Kweli haujui," ulisema, wala uso wako haukubadilika. Ukangojea, kama ulivyowangojea watu wengi. Ni kule kungojea kulikonitoa neno.

"Lakini niko na neno."

"La nani?"

"La Ngoy. Umwambie maji yalikuwa karibu. Umwambie mjomba wake alikimbia kwa sababu aliogopa kugusa."

Nilimtazama Baba Mdogo pale mlangoni, maana yeye ndiye aliyefundisha kambi nzima kwamba Ngoy hayuko kule wanakopeleka maneno yao. Aliinamisha kichwa.

Wewe ulikuwa umeshika kamba kwa mikono miwili. "Miaka yote nilingojea nani atanipa neno la Ngoy," ulisema. "Mimi mwenyewe siwezi kujituma."

Ukafunga fundo. Halikuwa dogo, wala la kuzungusha mara mbili. Lilikuwa la namna nisiyoijua, na lilikuchukua muda mrefu. Kisha ukaniambia, bila kuinua macho:

"Siku ile ulirudi na kiatu kimoja. Nilikuona. Nilituma bantu batafute ile ingine mu njia, nikaziweka zote."

"Bado ziko?"

"Panya zilikula."

Tukacheka, Yaya, wewe na mimi, na Veronika akaingia akidhani tumepatwa na wazimu. Alipotoka nilikuuliza kwa sauti ya chini: "Na kama hayuko kule unaenda?"

"Nimepelekaka maneno kwa bantu benye kuhama," ulisema. "Ukifika, unauliza njia. Wakisema iko mbali, unaenda mbali."

Uliondoka Jumanne, kabla ya jua kuwa kali. Baba Mdogo mwenyewe alikuzungushia kamba mkononi, pamoja na rozari. Mompe alipouliza ile ni kitu gani, alijibu: "Ni barua, mompe." Mompe akanyunyiza maji yake juu ya vyote viwili.

Hapa tuko wazima. Sijarudi kanisani, na paradizo ya kitabu bado siiamini, niseme kweli. Lakini sigombani nayo tena. Jumapili Veronika ndiye anayelipiga koti brashi, nami ninalivaa. Ninawasindikiza mpaka mlango wa kanisa, ninasalimia wazee, halafu ninaendelea na njia yangu mpaka pale kichuguuni alipozikwa Ngoy. Nimepanda mlimau. Ninachukua maji ya kikombe kutoka mtungi ule ule wa mlangoni kwako. Mara ya kwanza mkono ulikataa kidogo, sasa umezoea. Mti umetoa majani manne mapya. Juzi Baba Mdogo aliniona na kikombe, akaniacha nipite, kisha akaniita.

"Unaenda kwa Ngoy?"

"Ndiyo, Baba Mudogo."

"Umusalimie."

Aliingia misani haraka, nami nilisimama pale na kikombe changu mpaka kengele ikalia. Nilipofika kwenye mlimau nikatoa salamu kwa sauti. Sikuwa na kamba. Nikaisema tu.

Kitu kimoja kinanirudia kila ninapopita stesheni. Safari zako zote niliiona kamba ikirudi imenyooka. Hii sitaiona. Baba Mdogo anasema ndiyo maana ya kuamini. Mimi nasema sijui, na nimegundua kwamba hata mtu asiyejua anaweza kulala usingizi mzuri, kama anaijua mikono iliyobeba neno lake.

Lakini kama nimekosea, Yaya, na kama kule yuko mtu wa kuuliza njia, nenda kwanza kwa Ngoy. Fungua fundo lake akiona. Wengine wangojee kidogo. Baiskeli ya Mama Stefania iliuzwa zamani, haina haraka.

Pumzika. Matuta ya viazi nitayapanga upya mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kiatu kimoja.