Mpwani wa Darasa

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimechaguliwa! Mimi, Kanze wa Mramba, mwalimu wa michezo hapa Msambweni, nitasoma shahada ya uzamili ya elimu ya viungo. Simu ilipigwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaipokea na vumbi la uwanjani mpaka kwenye nyusi. Dakta Mumo, kutoka chuo kikuu Nairobi. Shikamoo nilimpa mara mbili. Akasema wamefurahi kumpata mtu wa Pwani, maana wengine wote ni wa bara na mtihani wa kwanza ni kuogelea. Watakuja kuufanyia Diani tarehe ishirini. Asiyeogelea anapoteza nafasi yake. Wewe sina wasiwasi nawe, akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Nilicheka mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama kuna msiba.

Mimi ni mtu wa Kinango, nyika kavu mbali na bahari. Kwetu maji tunayaona mtungini.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Syovata, shoga yangu, mlinzi wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani. Mkamba huyo! Wazazi wake walihamia huku kulima, yeye akaishia majini. Nilipomweleza alicheka akakaa chini. Hoteli haina wageni siku hizi, akasema, bwawa linaogelewa na majani tu, uwe unakuja meneja akilala mchana.

Nimelinywa nusu yake. Nimeng'ang'ania ukingo kama kupe. Syovata ananiambia niyaachie maji mwili wangu. Sijamwachia mwanamume, niyaachie maji?

Jumanne, 10 Agosti

NIMEELEA. Kichalichali, masikio majini, naona mbingu tu. Syovata aliondoa mkono wake mgongoni kwangu bila kuniambia. Nilipojua, nikazama — lakini nilikuwa nimekwisha kuelea!

Nimerudi nyumbani naimba, nywele zinanuka dawa ya bwawa. Bi Maimuna, mwenye nyumba wangu, akaniuliza huyo mwanamume ni nani. Nikamwambia yuko hotelini. Astaghfirullah, akasema, kisha akanisogezea kiti nimhadithie.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimevuka bwawa. Upana kwanza, baadaye urefu. Mtindo hauna jina, miguu inapiga kama ya bata aliyefungwa kamba, lakini nimevuka. Syovata alitokwa na machozi. Halafu akaniharibia: bwawa halina mawimbi, mama, usijisahau.

Sitaki kusikia. Leo nina furaha.

Ijumaa, 20 Agosti

Naandika katika chumba cha kubadilishia nguo, hotelini kwa Syovata. Naandika mbio, mwandiko wa kuku.

Wako ufuoni, darasa zima, wenzangu wa bara. Wameshikana mikono, hakuna aliyelowa. Maji yamejaa, upepo wa kusi unavuma. Dakta Mumo akawaambia Kanze ataingia kwanza, atasimama kwenye kina, nanyi mtamfuata. Bwana mmoja mnene wa Machakos akanijia. Mwalimu, akasema, roho yangu iko mikononi mwako.

Basi, sikuweza. Nilimvuta Dakta kando nikamwambia kweli yote. Kwamba nimejua kuogelea juzi, tena bwawani tu. Kwamba kama ni nafasi yangu aichukue, nitalia nitanyamaza, ila asinikabidhi watu wa watu.

Hakukasirika. Aliitazama bahari, akatazama viatu vyake. Alikuwa hajavivua. Akaninong'oneza: mwalimu, hata mimi sijui. Somo hili nalifundisha ubaoni, miaka yote. Tulipoona jina lako la Pwani ndipo tukapata moyo wa kuja.

Tukatazamana. Nikaangua kicheko, naye akaangua, tukashikana mabega tusianguke. Wale kule wakapiga makofi, wakidhani tuko tayari.

Kisha akaivua filimbi shingoni mwake, akanivalisha mimi.

Nikasema naja, nabadilisha nguo. Nguo nimekwisha kubadilisha zamani.

Syovata anagonga mlango. Wameanza kuingia, anasema, wamefika magotini, na wanauliza mpwani wao yuko wapi.