Neno Lililonishinda Kulitaja Mbele ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama mkwe,

Ungekuwa hai, ningethubutu kukuandikia? Wapi! Ningetuma salamu kupitia kwa binti yako, nawe ungejibu kwa njia hiyo hiyo, maana kwetu Waluo mtu na mama mkwe wake hupendana kwa mbali. Miaka yote hiyo hatukuwahi kupeana mkono. Nikija kwenu Rusinga ulikuwa unapika ngege, unamtuma mtu alete, wewe hupiti hata mlangoni. Lakini samaki wangu alikuwa mkubwa kuliko wa wageni wote, na nilikuwa naelewa.

Ndiyo maana siku ile ya mkutano wa akina mama wa kanisa inanichekesha na kuniliza mpaka leo. Tulikuja likizo, mimi, mke wangu na binti yetu Adhiambo, kutoka huku Macalder ninakofanya kazi ya uuguzi. Wenzako wakasema, "Daktari yuko hapa. Atueleze hii chanjo ambayo watu wa hospitali ya Mbita wanakuja kudunga wasichana wetu kesho." Mimi ni nesi tu, lakini kwenu kila anayeshika sindano ni daktari. Basi nikasimama kwa madaha. Halafu nikakuona umeketi nyuma kabisa, umejitanda leso, unatazama chini.

Yawa! Chanjo yenyewe ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Sasa mwanamume mwenye adabu zake atatamkaje mlango wa kizazi mbele ya mama aliyemzaa mke wake? Nikameza maneno, nikatoa yaliyobaki: "Hii sindano inazuia... inazuia mambo ya kizazi."

Jirani yako Mama Awuor akaruka juu. "Mmesikia? Inafunga kizazi! Daktari mwenyewe amekubali!" Wengine wakaanza kuinuka, wakiapa kwamba binti zao hawatatoka nyumbani kesho. Mimi natokwa na jasho tu. Kila nikifungua mdomo, nakuona wewe.

Ndipo ukasimama. "Ni saratani ya mlango wa kizazi," ukasema, neno zima bila kulikata. "Mimi ninayo. Nimeambiwa hospitali ya Homa Bay."

Binti yako alikuwa hajui. Mimi, mtu wa hospitali katika familia, nilikuwa sijui, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Ungeanzaje kumwambia mkweo ugonjwa wa huko? Heshima yetu ilikuwa imekufunga mdomo, na bado iliniuma.

Kisha ukaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yako. "Baba Adhiambo, inafunga uzazi au haifungi?"

"Haifungi, Mama. Inakinga ugonjwa huo tu."

"Adhiambo amedungwa?"

Hapo ulinipata. Kule kazini tulikuwa tunadunga watoto wa watu, halafu kwenye chai tunanong'onezana: wa kwangu angoje kwanza, tuone. Na si kwamba hatukusoma. Tulienda mafunzo, tukarudi na vyeti, na uvumi wa sokoni ukatukuta pale pale.

"Bado, Mama. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa kwenda hospitali," ukasema. "Sasa unaona."

Kesho yake Adhiambo alidungwa wa kwanza, wewe ukiwa umemshika mkono, na akina mama wote wakitazama. Mama Awuor naye akamleta wake, akijifanya alikuwa anapita tu. Tukirudi nyumbani uliniuliza polepole kama sindano hiyo ingekusaidia wewe. Nikakuambia haimponyi aliyekwisha kuugua. Ukasema, "Sawa," ukaendelea kutembea.

Asante, Mama. Asante kwa kuvunja heshima mbele ya watu ili wajukuu wako wapone. Asante kwamba katika miezi yako ya mwisho ulikubali nikuinue kitandani, nikunyweshe uji, mimi mkweo. Niliporudi kazini niliwaambia wenzangu yote, hata aibu yangu, na mmoja mmoja wakaanza kuwaleta binti zao. Siku hizi nikieleza chanjo hii sitafuni maneno, hata wakwe wote wa huku Nyatike wakae mstari wa mbele.

Juzi Adhiambo, ambaye sasa ananifikia begani, aliniuliza kama ulipokuwa msichana chanjo hii ilikuwepo. Nikamwambia haikuwepo. Akashika mkono wake juu ya kiwiko, pale alipodungwa, akasema, "Basi, baba, hii niliyodungwa ni ya nyanya."

Erokamano, asante sana, Mama. Lala salama.

Mkweo,
Baba Adhiambo