Kocha Anajipanga

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mgongo wangu ni ule ule, haupoi wala hauzidi. Wewe je? Na goti?

Walipokufanya kocha niliwaambia majirani, sasa mwanangu ataumia koo tu. Jumamosi nawasha redio, mtangazaji anasoma kikosi, namba nne ni wewe! Kocha wewe, mpangaji wewe, na aliyepangwa wewe. Daktari alisema mbele yangu kwamba goti likipigwa tena utatembea na fimbo. Una miaka thelathini na sita. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nakusihi ujitoe.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijambo, pole na mgongo. Goti ni zuri likishapata joto, ila asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume.

Viongozi wamenipa mechi tatu. Nikivurunda, wanaleta kocha mwingine. Beki wa kushika nafasi yangu tunamwita Twiga. Ana mbio, ila akishikwa na wasiwasi anasahau mpira uko wapi. Nikikaa benchi naliona kosa linakuja na siwezi kulifikia. Uwanjani najua la kufanya, mama. Pembeni naogopa. Nicheze moja tu, kisha basi.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Ulisema moja, nimesikia mbili. Na katika hiyo ya jana mtangazaji kasema umelala chini, mara wakaweka tangazo la sabuni. Nilibaki nimeshika mwiko mpaka mboga ikaungua. Uliinuka?

Mama yako

30 Machi

Mwanangu,

Sijapata jibu lako. Silali vizuri. Niandikie, hata kama ni uongo.

Mama

5 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Goti lilivimba, sasa limenywea. Nilinyamaza kwa aibu.

Jana ilikuwa mechi ya tatu. Nilikaa na karatasi ya kikosi asubuhi nzima, mwishowe nikalikata jina langu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikawasomea wachezaji. Nilipomaliza, kipa akasema taratibu, "Kocha, mbona tuko kumi?"

Nilikuwa nimejitoa bila kumweka mtu. Nikatazama chini, mama, nimevaa viatu vya mpira, kamba nimeshafunga. Sikumbuki nilivivaa saa ngapi. Hakuna aliyecheka. Twiga aliinuka bila kuitwa, akaanza kuvaa soksi, nami nikavua viatu vyangu.

Alikosea mara moja, tukafungwa. Tukarudisha dakika za mwisho, ikawa sare. Viongozi wanakutana Ijumaa. Mpira nimeuacha, na huenda kazi nayo ikaniacha. Nilikosea?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika, nasi hatujambo. Hukukosea. Niliposikia jina lako halipo nilikaa chini nikalia, kisha nikala. Siku ya mechi chakula huwa hakipiti kooni.

Sasa naogopea Ijumaa, maana mama hastaafu. Lakini wakikufukuza, utatafuta timu nyingine kwa miguu yako mwenyewe. Wasipokufukuza, Jumamosi nitawasha redio mapema. Hao kumi na moja nataka kuwahesabu mwenyewe.

Mama yako