Nukta Niliyosahau Kuifuta

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu. Mimi sijambo. Paa la maabara bado linavuja, na chaki walizotuletea zinavunjika ukizigusa tu.

Jana nilifundisha kidato cha pili jinsi chumvi inavyoundwa. Nilichora sodiamu na elektroni yake moja ya nje, nukta tu, nikaonyesha inavyoipa klorini. Zote mbili zikawa ioni, zikashikana, zikatulia. Nikawaambia anayetoa habadili jina. Anayepokea ndiye anayebadilika: klorini inaitwa kloridi.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, sodiamu imeshaitoa, mbona bado inayo?"

Kweli, nukta niliichora kwa klorini, kwa sodiamu sikuifuta. Miaka kumi na moja nafundisha somo hili, sijawahi kukosea hapo. Darasa likacheka, nami nikacheka kidogo. Nikaifuta kwa kidole.

Nasikia majirani wanakuita Mama Bonge sasa. Vizuri. Maziwa yalinikauka wiki iliyopita, mwezi mmoja tangu nikukabidhi mtoto. Hupenda kulalia ubavu wa kushoto.

Msalimie shemeji. Bonge akianza kuongea, mfundishe namna ya kuniita.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mdogo