Dawa ya Gichunge Siwezi Kuikataa

Dada Mulki, mshauri wetu, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana mambo haya sijawahi kumwambia mtu kwa kalamu na hata sasa naandika nikiwa nimegeukia ukuta. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, Mmeru, nauza miraa hapa Isiolo mjini tangu nikiwa kijana, nina mke na watoto, kanisani wananiheshimu, na majina yote nitakayotaja nimeyabadilisha ili mtu asije akanyooshewa kidole sokoni.

Shida yangu ni mkojo. Ilianza polepole, nikawa nasimama chooni nikingoja, unatoka kidogo, unakatika, unaanza tena, nikidhani nimemaliza nafika kibandani nasikia nataka kurudi, na usiku naamka mara nyingi mpaka nikahamia kwenye kiti cha sebuleni ili nisimsumbue mke wangu Kagwiria, na ukweli wote ni kwamba nilihama pia kwa sababu ile kazi ya mume ilikuwa imeanza kunishinda na sikutaka ajue. Kagwiria ni mwalimu hapa Wabera. Mwanamke mwingine angesema nimepata mtu huko nje, lakini yeye alikuja akakaa kando ya kile kiti akaniambia, "Baba Koome, mimi sikuulizi mahali unaenda. Nakuuliza mahali unaumwa." Nikamwambia ni mgongo. Mke kama huyo kweli ni wa kudanganywa? Lakini nilimdanganya.

Mtu ambaye sikuweza kumdanganya ni Gichunge. Wewe si Mmeru, kwa hivyo nikueleze. Ukoo wake na ukoo wangu ni gichiaro, yaani wazee wetu wa zamani walikula kiapo cha undugu, na mtu wa gichiaro akikuomba kitu humkatalii, akikuuliza neno humdanganyi, akikupa kitu hukirudishi, na anayevunja hayo mabaya humfuata mpaka nyumbani. Na Gichunge si gichiaro wa jina tu. Kibanda changu kilipoungua alikuja kutoka Burat na mabati aliyokuwa amewekea nyumba yake mwenyewe, akanijengea mimi kwanza, akapiga misumari kwa mkono wake, na mpaka leo hajawahi kulitaja jambo hilo mbele za watu. Kama kuna mtu mwema kumshinda katika kaunti hii, mimi sijamwona.

Basi tulikuwa kwake Burat kwa maombi ya shukrani, nikaenda nyuma ya boma la ng'ombe kujisaidia, nikakawia mpaka akanifuata. Akaniuliza, "Wewe unaumwa na nini? Usinifiche, mimi ni gichiaro." Nikamwambia yote, ya mkojo na ya kitandani. Hakucheka. Siku chache baadaye alikuja kibandani na mtungi wa dawa ya mizizi aliyoifuata yeye mwenyewe kule juu Meru, akasema, "Hii nimechemsha mimi mwenyewe, sijatuma mtu. Kunywa kikombe asubuhi na jioni, na miraa tafuna ya kutosha ndio damu ikimbie. Ikiisha nitaleta ingine."

Nimekunywa, dada. Niko kwenye mtungi wa pili, moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, na mkojo badala ya kufunguka unazidi kufunga. Siku ya soko la mifugo ulikataa kabisa kuanzia asubuhi, tumbo la chini likawa gumu, jasho likanitoka mbele ya wateja, hadi jioni Kagwiria aliponikalisha kwenye beseni la maji ya moto ndipo ukadondoka kidogo. Akasema twende hospitali. Nikasema kesho, na hiyo kesho imeshapita.

Naogopa hospitali kwa sababu ya kile kidole cha kupimwa kwa nyuma ninachosikia wanaume wakikisema, hilo sikatai, lakini zaidi naogopa daktari ataniambia niache dawa ya Gichunge. Nikiacha ataniuliza, na sitaweza kumdanganya, na nitakuwa nimemrudishia gichiaro wangu kitu alichonipa kwa mkono wake. Nimeanza kumkwepa. Nikiona kofia yake inakuja naingia duka lolote lililo karibu, juzi nimeingia la nguo za akina mama nikajifanya nachagua kitambaa. Namkataaje mtu asiyekataliwa? Nisaidie nisimpoteze, kwa maana mwingine kama yeye sitampata.

Ni mimi,
Mwenye Kibanda, Isiolo.

MULKI ANAJIBU

Mwenye Kibanda, ndugu yangu, sijacheka, isipokuwa pale kwa kitambaa. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilikuwa nesi katika wodi ya wanaume, na nimeona watu wenye ng'ombe na vyeo wakiletwa wamejikunja kwa maumivu, kisha ukiwauliza wanaumwa wapi wanasema kichwa. Wewe umeandika yote, hata ya kitandani, kwa maneno ambayo mtu anaelewa. Ukweli huo ni nusu ya kazi ya daktari, na nakuheshimu kwa huo.

Heshima imeishia hapo, sasa nakugombeza. Mkojo ulikataa kuanzia asubuhi hadi jioni, nawe ukasema kesho? Barua husubiri gazeti lakini kibofu hakisubiri, kwa hivyo nilikupigia kwa ile namba uliyoacha, na jibu lako lilikuwa kwamba utaenda wiki ikitulia. Wiki ya mfanyabiashara wa miraa imewahi kutulia lini? Mkojo ukifunga kabisa hiyo ni ya kukimbizwa saa hiyo hiyo, mchana au usiku, kwa sababu unaweza kurudi nyuma ukaharibu figo, na figo si mabati ya kuletewa kutoka Burat. Hospitalini wanapitisha mpira mwembamba, mkojo unatoka, na nimeona wazee wakali wakilia kwa raha tu. Ukiona damu, au homa pamoja na maumivu ya kiunoni, pia usilale nayo.

Kwa umri wako, dalili ulizoandika mara nyingi zinatokana na tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu, ambayo huongezeka ukubwa mwanaume anapozeeka na kuubana mrija wa mkojo. Mara nyingi si saratani, lakini mimi siwezi kuijua kwa barua, wala Gichunge hawezi kuijua nyuma ya boma. Utapimwa mkojo, damu, sukari na presha. Kuna vidonge vya kulegeza njia, na wachache huhitaji upasuaji. Na hicho kidole kinachokuzuia, ndugu yangu, kinamaliza kazi kabla wewe hujamaliza kuona aibu.

Sasa miraa, na najua naongea na mtu ambaye mkate wake uko ndani ya majani ya ndizi. Miraa inaukaza mlango wa kibofu. Mtu ambaye mkojo wake tayari unasitasita, ukimwambia atafune ya kutosha umemfungia mlango na kufuli juu. Iuze, lakini usiitafune mpaka daktari akuone. Mteja akitaka kujua utamu, mfungulie kibunda aonje mwenyewe, kwani meno anayo. Hivi vidonge vya mafua vinavyonunuliwa hivi hivi dukani navyo vingine vinafunga mkojo, kwa hivyo uliza kabla ya kumeza. Chai na soda za kusindikiza miraa zipunguze. Maji kunywa mchana, usijinyime kwa kuogopa choo, ila jioni punguza. Na ukisikia haja uko kibandani, mwachie jirani kibanda uende, usibane ati kuna mteja.

Ya kitandani usiyatafutie dawa barabarani. Sukari, presha, miraa, kukosa usingizi, hata wasiwasi peke yake, kila kimoja kinatosha kumwangusha mume. Vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kwa kufichwa kiganjani vinaweza kukudhuru vibaya, hasa kama una tatizo la moyo au unatumia dawa za presha. Mwambie daktari, atashughulikia. Kabla yake mwambie Kagwiria. Nimesoma alichokuuliza kando ya kile kiti nikaweka barua chini kwanza. Mwanamke anayeuliza mahali unaumwa hastahili kuambiwa mgongo. Rudi kitandani kwako leo, hata kama ni kulala tu.

Nimebakisha Gichunge, ambaye simjui na nimempenda. Mtu aliyeacha nyumba yake bila mabati akakuezekea wewe kibanda, akapanda Meru kukutafutia mizizi, akakusikiliza yote bila kucheka, huyo hata mimi ningeona haya kumrudishia mtungi. Mimi ni Msomali, ya gichiaro sikuyajua vizuri, kwa hivyo nikamwendea jirani yangu, mzee Ntongai, bila kutaja mtu wala dawa. Nikamuuliza gichiaro inakataza nini. Akaniambia, "Kudanganya, kunyima, na kuumiza. Hiyo ya kuumiza ndio mbaya zaidi."

Umeisikia? Dawa aliyokupa inakuumiza, na yeye hajui. Kila asubuhi unapoinua kile kikombe na kunyamaza, unamfanya Gichunge amuumize gichiaro wake kwa mkono wake mwenyewe, mkono ule ule uliopiga misumari. Ulifikiri unamlinda. Unamtia kwenye kosa ambalo angekufa kabla ya kulitenda.

Kwa hivyo acha ile dawa leo, na mtungi usiumwage, kwa sababu daktari atataka kujua ulikuwa unakunywa nini. Mkojo ukifunga tena, usimngoje mtu, Kagwiria akupeleke saa hiyo. Ukiwa bado unatoka, kesho asubuhi na mapema mpigie Gichunge. Usimkatalie kitu. Muombe kitu. Mwambie dawa haikunikubali, nimeumwa, nakuomba unisindikize hospitali. Umenieleza wewe mwenyewe kwamba ukimuomba hawezi kukukatalia.

Na mkiwa mmekaa kwenye foleni, wewe na yeye, mtungi katikati yenu, mgeukie umuulize yeye mkojo wake unatokaje. Nadhani ni mtu wa rika lako. Hajawahi kuulizwa, naweka dau, na wewe ndiye mwanaume pekee Isiolo nzima ambaye Gichunge hawezi kumdanganya.