Mhogo Ukumbini kwa Mama Yunisi

Ujiji,
9 Juni 2025

Baba yangu Mzee Kassimu,

Shikamoo. Kaka Omari ameniambia kwamba bandeji ya macho imetolewa na sasa unasoma hata maandishi madogo ya gazeti. Alhamdulillahi! Huko Tabora wote hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama analalamika kwamba asali ya huko imekulevya, hutaki kurudi.

Baba, kazi uliyoniachia katika ukumbi wa harusi wa Mama Yunisi, pale Katubuka, imekwisha. Nilimwambia lipu imeharibiwa na mvua za masika, naye akaniruhusu nichore upya. Binti yake Diana, anayesoma India, alikuwa amekuja na kitabu cha picha walizochorewa wafalme wa Kimughali wa India ya zamani, watu waliopenda bustani kupita kiasi. Kila ua limesimama peke yake na shina lake, na tumba lake, hata jani lililoanza kunyauka. Diana alinieleza kwamba mafundi wa aina ile walikuwa wakiutazama mmea wenyewe, ndipo wachore.

Maua yale ya India sijapata kuyaona kwa macho. Kwa hiyo nilibeba kigoda nikakaa shambani Kasingirima siku nne. Nikachora mchikichi, mbaazi, mpilipili, na katikati mhogo wenye maua yake.

Mama Yunisi alipouona alishika kiuno. “Zuleha! Mhogo mbele ya bibi harusi?” Nikamjibu kwamba hakuna bibi harusi wa huku asiyeujua. Jumamosi ilikuwa harusi ya kwanza. Mama wa bibi harusi, Bi Agnesi, aliusogelea ukuta akagusa jani lenye matundu ya wadudu, akauliza ni nani aliyelitazama shamba lake hivi. Watu watatu wameshaniomba niwachoree.

Sasa nikuambie lililonileta. Mvua haikuharibu kitu. Mawaridi yako yalikuwa mazima, yamepauka tu, nawe ulinituma niyahuishe rangi. Niliyakwangua mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu niliutaka ukuta ule. Jana nilikiri kwa Mama Yunisi. Akasema kusamehe mawaridi ya Kassimu si kazi yake.

Baba, kukuficha najuta. Kuchora sijuti. Ukirudi, ukisema ukuta upakwe chokaa, nitaupaka mwenyewe. Lakini kwanza utazame.

Nisalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu, na majirani wote wa mtaani.

Mwanao,
Zuleha Kassimu, fundi rangi